Albamu ya nyimbo kumi na moja: shajara ya prodyuza

Hizi ni kumbukumbu za albamu ya rap ninayoitengeneza na mchanaji mmoja na fundi wa miksi, yaani anayechanganya sauti na ala. Naongeza kila hatua inapokwisha, na mara nyingine narudi nyuma kuongeza neno. Yale ambayo kila mwenye studio anayajua nayapita haraka. Nakaa pale tulipokwama. Gharama naziandika kama mafungu ya bajeti, maana bei hutofautiana mno, ila uwiano unaweza kumsaidia mwingine kupanga zake.

18 Januari 2025: Biti na karatasi

Kati ya biti zote nilizokuwa nazo tumebaki na kumi na moja. Kigezo kilikuwa kimoja tu: rapa achane juu yake bila karatasi, na mdundo ukimlazimisha kupiga kelele ili asikike, biti inatupwa. Kasi nyingi zimetua kati ya mapigo 82 na 96 kwa dakika, isipokuwa mbili za 140 ambazo yeye huzichana kwa nusu ya kasi.

Bajeti imegawanywa hivi: nusu kwa kurekodi na miksi, robo kwa masta (toleo la mwisho la sauti, baada ya miksi), kava na santuri, robo ya mwisho kwa kutangaza. Haki za sampo, yaani vipande vya rekodi za watu wengine, hazikutengewa kitu. Mkifika Machi mtaona matokeo yake.

Jambo moja tumelikazia mapema: karatasi ya mgawo. Kila wimbo una karatasi yake yenye majina halisi ya watunzi, majina ya jukwaani, asilimia ya kila mmoja, na namba ya IPI (inayomtambulisha mtunzi) kwa aliyejiunga na chama cha kukusanya mirabaha. Inajazwa na kusainiwa siku ileile wimbo unapozaliwa, watu wakiwa bado wanacheka. Ukingoja hadi wimbo upendwe, kila aliyepita mlangoni atakumbuka kwamba yeye ndiye aliyetoa wazo la kiitikio.

16 Februari: Kurekodi

Sesheni zote ni 48 kHz, biti 24 (vipimo vya faili ya sauti: sampuli 48,000 kwa sekunde, na "biti" hapa ni ya kompyuta, si mdundo). Maiki moja, chujio la upepo mbele yake, kiganja kimoja na vidole viwili kutoka mdomoni. Akisogea karibu zaidi, besi ya sauti inavimba na kila "p" inapiga kama mlango.

Rapa hapendi hedifoni zinazoziba masikio, anasema hajisikii. Tukampa zile za wazi, na anazitaka kwa sauti ya juu. Teki zilitoka na moto, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Kichwa kilituuma kwenye wimbo wa nne, mistari hii miwili:

*Siku saba sikusema, sasa sauti isikike,*
*sisi siyo sisimizi, msisumbuke tusagike.*

Ukiisoma ni tamu. Ukiirekodi ni nyoka kwenye maiki. Programu ya kupunguza makali ya "s" ikiwekwa kidogo haifanyi kitu. Ikikazwa, mchanaji anageuka mtu mwenye kithembe. Kilichosaidia ni kumgeuza kidogo asiielekee maiki moja kwa moja, pumzi ipite pembeni, kisha mimi nikashusha kila "s" kwa mkono, moja baada ya nyingine, desibeli tatu au nne. Kazi ya jioni nzima kwa mistari miwili. Anayeandika kwa Kiswahili na kupenda kurudia herufi ajue kwamba "s", "sh", "z" na "ch" zitamdai muda huo mapema au baadaye.

23 Machi: Sampo

Wimbo wa kufungulia albamu ulijengwa juu ya sekunde sita za rekodi ya zamani: gitaa, kinanda, na mwanamke anayevuta pumzi kabla ya kuimba. Ndio uliotufanya tutake albamu hii kabisa.

Sampo ina milango miwili. Wa kwanza ni haki ya rekodi yenyewe, ambayo kwa kawaida iko kwa lebo. Wa pili ni haki ya utunzi, yaani melodia na maneno, ambayo iko kwa mtunzi au mchapishaji wake. Lazima yote miwili ifunguke. Lebo ilikubali: malipo ya kuanzia pamoja na sehemu ya mapato. Mchapishaji kwanza alinyamaza, halafu akataka zaidi ya nusu ya utunzi wa wimbo, na jibu la mwisho angelitoa baada ya tarehe ambayo masta ilipaswa kuwa imekwisha.

Kuna waliotushauri tutoe tu, "nani atasikia?" Historia ya muziki huu inajibu. Mwaka 1991 mahakama moja ya New York iliamua dhidi ya rapa Biz Markie kwa sampo ya mwimbaji Gilbert O'Sullivan, na tangu hapo lebo kubwa zikaanza kudai kibali kabla ya wimbo kutoka. De La Soul, kundi lenye heshima yake yote, albamu zao za mwanzo hazikuingia kwenye majukwaa ya kusikilizia mtandaoni hadi tarehe 3 Machi 2023, na tatizo kubwa lilikuwa sampo ambazo mikataba yake haikuandikwa kwa ajili ya ulimwengu huo. Tena siku hizi kompyuta ndizo zinazosikiliza na kuitambua sampo.

Njia ya katikati ni kuita wapigaji na kupiga upya zile sekunde sita. Hiyo inaondoa mlango wa kwanza tu. Melodia inabaki ya mwenyewe, na aliyetukwamisha ni huyohuyo wa mlango wa pili. Hatukuifuata.

Uamuzi: biti inaondoka, mistari inabaki. Barua na ushauri wa mwanasheria vimekula sehemu ya kumi ya bajeti yote, na tumeitoa kwenye fungu la kutangaza. Ushauri wangu kwa anayefuata njia hii: usimruhusu mchanaji aandike hata ubeti mmoja juu ya sampo ambayo hujaiombea. Biti inabadilika, ubeti ulioota juu yake unakuwa na mizizi.

13 Aprili: Biti mpya chini ya sauti ya zamani

Nikatengeneza biti mpya kwa kasi ileile ya 88, ufunguo uleule, bila kipande chochote cha rekodi ya mtu. Kinanda nimepiga mwenyewe, besi imepigwa na rafiki ambaye amesaini karatasi. Nikaweka sauti za Februari juu yake. Sehemu zenye maneno mengi zilikaa vizuri. Kwenye mapumziko, kati ya mstari na mstari, kukawa na mtu anapiga gitaa kwa mbali.

Ni zile hedifoni za wazi. Muziki ulivuja masikioni ukaingia kwenye maiki, na wakati wote biti ya zamani ilipokuwa ikicheza juu yake haukusikika. Sasa biti haipo, mvujo upo. Sampo tuliyoitoa mlangoni ilikuwa imeketi ndani ya sauti ya rapa.

Tulijaribu kukata kila kimya: pumzi zikakatika nazo, akawa kama anasoma tangazo. Tulijaribu programu ya kutenganisha sauti na ala: mvujo ulipungua, lakini herufi za mwisho za maneno zikawa na maji. Tukajaribu kugeuza mawimbi ya biti ya zamani yafute mvujo: hayafutiki, kwa sababu kilichoingia kwenye maiki kimepita kwanza hedifoni, hewa na kuta, hakifanani tena na faili.

Kwa hiyo tukarekodi upya, safari hii kwa hedifoni za kuziba, sikio moja likiwa limefunuliwa nusu na upande huo ukiwa umezimwa kabisa. Hiyo ndiyo njia ya kumpa mchanaji asiyependa kuzibwa kile anachotaka: ajisikie kwa sikio lililo wazi, muziki ubaki kwenye lililofunikwa.

Ubeti wa kwanza haukurudi. Tulirudia, tukapumzika, tukarudia. Mwishowe akaniambia, "Kaka, siku ile nilikuwa na hasira. Leo sina, na siwezi kuigiza." Akaketi akaandika ubeti mwingine palepale. Kwa maoni yangu ubeti wa pili sasa ni bora kuliko ulivyokuwa, wa kwanza umepungua kidogo. Wimbo umerefuka kwa karibu dakika moja na nusu, jambo ambalo halikuonekana kuwa na maana yoyote hadi Agosti.

Nimepitia nyimbo nyingine zote nikisikiliza vimya tu. Mvujo upo kila mahali, lakini ni wa biti zetu wenyewe, kwa hiyo unabaki.

11 Mei: Ubeti wa mgeni

Wimbo wa saba una mchanaji mgeni aliyerekodi kwake. Faili ilipofika, sauti yake ilikuwa nyembamba na haraka, kama imevutwa juu. Yeye alirekodi kwa 44.1 kHz, sesheni yetu ni 48, na faili iliingizwa bila kubadilishwa. Tofauti hiyo inaipandisha sauti karibu nusutoni moja na nusu na kuiharakisha kwa takriban asilimia tisa. Kuibadilisha ni dakika moja, ukishajua.

La pili halikuwa rahisi: alikuwa ameweka mwangwi na kompresa (kibana sauti) ndani ya rekodi yenyewe. Mwangwi hauondoki. Tukamwomba faili kavu, akaleta. Sasa nawatumia wageni maelezo ya mistari minne kabla hawajarekodi: WAV, 48 kHz, biti 24, bila mwangwi, kuanzia sekunde sifuri ya wimbo. Lile la mwisho ndilo linalookoa muda zaidi. Faili inayoanza katikati hailengi bila kubahatisha.

22 Juni: Miksi

Nyimbo nane zimepita bila hadithi. Sauti mbele, dabo (sauti iliyorekodiwa mara ya pili juu ya ile ya kwanza) kwenye maneno ya mwisho ya mistari, adlibu (vikolezo vya sauti) pembeni kushoto na kulia.

Biti mpya ya wimbo wa kwanza ilikuwa na 808 (besi nzito ya kielektroniki) na kiki (ngoma ya chini) zinazopiga pamoja, na kila zilipokutana pigo lilipotea badala ya kuongezeka. Fundi alidhani nimeshusha kiki. Mawimbi yalikuwa yanapingana: moja linapanda wakati lingine linashuka, yanafutana. Kugeuza polariti ya kiki, yaani mawimbi yake juu chini, kulisaidia nusu. Kusogeza 808 mbele kwa milisekunde chache kulimaliza. Kisha akatoboa nafasi: 808 inashuka kidogo kila kiki inapopiga. Kwenye spika za simu 808 haipo kabisa, kwa hiyo tumeiongezea ukwaruzo kidogo katika masafa ya kati ili sikio lijue noti iko wapi hata kama besi yenyewe haisikiki.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya kiwango cha sauti ya rapa. Mimi naitaka ndani ya biti, yeye anaitaka juu. Fundi akamaliza kwa kutengeneza matoleo matatu kwa kila wimbo: ya kawaida, yenye sauti desibeli moja juu, na yenye sauti desibeli moja chini. Tumesikiliza tukiwa tunafanya mambo mengine, bila kuambiwa ipi ni ipi. Ya juu imeshinda karibu zote. Msikilizaji wa rap anataka neno.

Fungu la nusu limeisha hapa na kuzidi kidogo, kwa sababu ya kurekodi upya.

20 Julai: Masta

Masta ya kwanza ilikuja na nguvu ya -8 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti, ikikaribia sifuri ni kubwa zaidi), imebanwa hadi ngoma ya sneya haina ncha. Ukiicheza peke yake inasisimua. Lakini Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida hulinganisha nyimbo kwa -14 LUFS, kwa hiyo inashushwa desibeli sita, na kinachobaki ni ule mbano bila ule ukubwa. Tulizishusha wenyewe hadi kiwango kimoja, ya kwanza na nyingine ya taratibu, isiyobanwa sana, tukazisikiliza bega kwa bega. Ya taratibu ilipumua.

Tumetua karibu -10, kilele kikiwa -2 dB, ambacho ndicho Spotify wanachoshauri kwa masta zenye sauti kubwa kuliko -14, ili kugeuzwa kwa faili kusizae mikwaruzo. Tumeagiza pia masta ya pili kwa ajili ya santuri: isiyobanwa, besi yote ya chini ikiwa katikati.

10 Agosti: Mpangilio

Santuri ya inchi 12 kwa mizunguko 33⅓ inapenda upande usiozidi dakika ishirini hivi. Ukizidisha, mfereji unabanwa na sauti inalazimika kushuka. Mpango wetu wa Januari ulikuwa dakika 19 na 19. Wimbo wa kwanza uliorefuka umeufanya upande A kuwa karibu 21, tena upande wenye 808 nyingi.

Basi nyimbo zikahamishwa. Wimbo wa nne, ule wa "siku saba", ulikuwa unaelekea mwisho wa upande, na hapo ndipo pabaya kuliko pote kwa herufi zake: kadiri sindano inavyokaribia katikati, urefu wa mfereji kwa kila mzunguko unapungua, na "s" ndizo za kwanza kuharibika. Tumeupeleka mwanzo wa upande B, kwenye ukingo wa nje. Mwisho wa upande A tumeweka wimbo wa taratibu wenye sauti chache. Nilikuwa na wasiwasi kwamba fizikia inatupangia hadithi, ila upande B ukifunguliwa na mistari ile unaamka vizuri kuliko ulivyokuwa.

Mazungumzo mafupi ya sekunde 20 kati ya nyimbo tumeyatoa kama nyimbo zinazojitegemea. Kwenye Spotify usikilizaji huhesabiwa baada ya sekunde 30, kwa hiyo kipande cha sekunde 20 hakihesabiki milele. Tumeyabandika mwishoni mwa wimbo uliotangulia. Usiyabandike mwanzoni mwa unaofuata: anayeukuta kwenye orodha ya mtu mwingine atasikia watu wanaongea na ataruka.

31 Agosti: Misimbo na kava

Kila rekodi ina ISRC, herufi na tarakimu 12 zinazoitambulisha rekodi hiyo na si nyingine. Albamu nzima ina msimbo wake wa UPC. Kanuni ya kushika: rekodi ileile itoke kama singo au ndani ya albamu, ISRC ni ileile. Ukiipa mpya, jukwaa huweza kuziona kama nyimbo mbili na hesabu za wasikilizaji zikagawanyika. Ila ukibadilisha rekodi yenyewe, kwa mfano toleo lisilo na matusi, hilo linastahili msimbo wake.

Kava ilikataliwa na msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa. Vipimo vilikuwa sawa, pikseli 3000 kwa 3000, lakini pembeni kulikuwa na jina la akaunti ya rapa ya mtandao wa kijamii, na hilo haliruhusiwi. Mchoraji alilifuta, kurudi kwenye foleni ya ukaguzi ndiko kulikochukua muda. Pia faili ilikuwa ya rangi za uchapishaji, CMYK, nyekundu yetu ikawa ya kahawia kwenye simu. Dai faili mbili tangu mwanzo: RGB kwa mtandaoni, CMYK kwa mchapaji wa santuri.

12 Septemba: Singo

Singo imetoka, na kwenye jukwaa moja imetua kwenye ukurasa wa msanii mwingine mwenye jina linalofanana, anayeimba mambo tofauti kabisa. Mashabiki wake hawakutukaribisha.

Chanzo: fomu ya usambazaji ilikuwa na nafasi ya kiungo cha ukurasa wa msanii, ikaachwa tupu, mfumo ukalinganisha majina tu. Marekebisho hupita kwa msambazaji na hayaendi haraka. Siku zile za mwanzo, ambazo ndizo zenye uzito, zimepotea. Kwa albamu tumejaza kiungo kwa kila msanii, mgeni wa wimbo wa saba akiwemo, na tumeomba kuona ukurasa kabla ya siku ya kutoka.

10 Oktoba: Albamu imetoka

Ijumaa, kama ilivyo desturi ya dunia nzima tangu Julai 2015. Safari hii ukurasa ni wa kwake.

Faili zilikuwa kwa msambazaji wiki tano kabla. Pendekezo kwa wahariri wa Spotify hutakiwa siku saba kabla ya kutoka angalau, na ni wimbo mmoja tu kwa wakati. Tulibishana upi: mimi wa kwanza, kwa sababu ya yote tuliyopitia nao, rapa "siku saba". Mateso ya prodyuza si sifa ya wimbo, kwa hiyo ukaenda wa kwake. Haukuchukuliwa na wahariri, lakini ndio ambao watu wanautumiana, na wanaunukuu kwa maandishi, mistari ile miwili hasa.

Fungu la kutangaza lilibaki dogo. Video moja badala ya mbili, na vipande vifupi vya rapa akichana bila biti. Hivyo vya bila biti havikugharimu kitu na vimetembea kuliko video.

7 Desemba: Santuri za majaribio

Kiwanda kimetuma nakala chache za majaribio kabla ya kuchapa zote. Kwenye wimbo wa tatu kuna mdonoo mmoja, "tik", baada ya kiitikio cha pili. Ukiusikia kwenye nakala moja tu, ni vumbi au kasoro ya nakala hiyo. Sisi tumeucheza kwenye nakala zote, kwa mashine mbili tofauti, na upo palepale, kwa hiyo umo kwenye bamba la kuchapia. Tumekataa upande A na kueleza kwa dakika na sekunde. Wanaukata upya kwa gharama yao. Sisi tunalipa kwa kusubiri, na waliolipia mapema tumewaandikia leo.

Upande B umeidhinishwa. "S" zote zimesimama.